Kitabu cha pili cha fantasia ya Norse kimenigomea, shida ni mimi au kitabu?

"Shikamoo mwalimu. Mwaka jana nilisoma fantasia moja ya vijana iliyotokana na hadithi za kale za Norse, yaani za watu wa kale wa Skandinavia, mambo ya miungu kama Odin, Thor na Loki, na runi, zile herufi zao za kale, nikaimaliza siku mbili bila kulala vizuri. Kitabu cha pili nilikisubiri kwa hamu kweli, sasa ninacho na niko ukurasa wa 140 karibu mwezi mzima. Yule binti mhusika mkuu alikuwa jasiri, sasa hivi kila sura analia na kujilaumu. Loki alikuwa ananichekesha, sasa amegeuka simuelewi kabisa. Majina mapya yamejaa hadi nachanganyikiwa, alafu rafiki yangu ameshaniambia kwamba hizi stori mwisho wake miungu wote wanakufa, kwahiyo hata sioni nakimbilia nini. Usiku nasoma kwenye simu, ukurasa mmoja nausoma mara tatu. Je, nianze kwanza kusoma hadithi za asili? Nirudie cha kwanza? Au nimeshapita umri, maana nina miaka 27? Na mdogo wangu wa miaka 12 anakitaka hiki kitabu, nimpe?"

Marahaba ndugu yangu. Nimeisoma barua yako nikaona maswali ni mengi ila wasiwasi ni mmoja, unaogopa kwamba ile raha ya kitabu cha kwanza imepotea na hujui imepotelea kwako au kwa mwandishi. Mimi naona haijapotea, imebadilika, na imebadilika kwa sababu ambayo ukishaiona utakisoma hicho kitabu kwa jicho jingine kabisa. Nitakueleza taratibu.

Kwanza hilo la umri litoke njiani. Hadithi hizi hazikutungiwa watoto. Nyingi tunazijua leo kwa sababu mtu mzima mmoja wa Iceland, Snorri Sturluson, aliyekuwa mwanasiasa, mwanasheria na mshairi, alikaa akaziandika mnamo miaka ya 1220 ili washairi wa wakati wake waendelee kuelewa mafumbo ya mashairi ya zamani. Wakati huo Iceland ilikuwa imeshaingia Ukristo zaidi ya miaka 200 nyuma, watu walikuwa hawaiabudu tena miungu hiyo, ila mashairi yao yalikuwa yamejaa majina yake. Kwahiyo wewe wa miaka 27 kukaa na stori ya Odin, mbona uko kwenye umri wenyewe. Neno "vijana" kwenye jalada linakwambia tu wahusika wana umri gani na kitabu kinapangwa rafu ipi, halimfukuzi mtu.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwenye hadithi za Norse hakuna kitu cha bure. Odin alitaka hekima, akaenda kwenye kisima cha Mimir, akaliacha jicho lake pale ndio akanywa. Alitaka siri ya runi, akaning'inia kwenye mti siku 9 usiku na mchana, amechomwa mkuki, hapewi chakula wala maji. Yaani huyo ni mkuu wa miungu na bado analipa. Mwandishi yeyote makini anayechota kwenye kisima hiki anarithi sheria hiyo hata asipoitaja popote. Ndio maana kitabu cha kwanza huwa kitamu vile, pale watu wanapewa: binti anapata nguvu, anapata alama za runi, anapata marafiki, anaapa kiapo kikubwa bila kuwaza sana kwa sababu mambo yana haraka. Kitabu cha pili ndio watu wanaanza kudaiwa. Huyo binti unayemuona analialia, jaribu kumuangalia kama mtu aliyeletewa deni lake mlangoni, uone kama atakuudhi vilevile.

Ngoja nikupe mfano kutoka hadithi zenyewe, manake ni huu unaonyesha jambo hili wazi kuliko mwingine wowote. Loki alizaa na jitu jike anayeitwa Angrboda watoto watatu, na utabiri ulisema watoto hao wataleta maangamizi. Wa kwanza, joka, miungu wakalitupa baharini, likakua hadi likaizunguka dunia yote. Binti, Hel, akapelekwa chini kutawala wafu. Wa tatu alikuwa mbwa mwitu, Fenrir, huyo wakamlea nyumbani kwao, lakini ni mungu mmoja tu, Tyr, aliyekuwa na ujasiri wa kumsogelea na kumlisha. Mnyama akawa anakua kila siku hadi wakaogopa. Wakamfunga mnyororo wa kwanza, akaukata. Wa pili mzito zaidi, akaukata. Ndipo mbilikimo wakaagizwa watengeneze kamba ya tatu, wakaisuka kwa vitu sita: mlio wa nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Ikatoka laini kama utepe wa hariri. Fenrir akaingiwa na shaka, akasema sawa nifungeni, ila mmoja wenu aweke mkono kinywani mwangu kama dhamana kwamba hamna hila. Wakatazamana wote. Walikuwa wanajua hila ipo. Tyr akatoa mkono wake wa kulia akauweka. Mbwa mwitu akajivuta kutaka kujinasua, kamba ikazidi kukaza, miungu wakacheka wote isipokuwa Tyr, aliyepoteza mkono.

Hebu itazame hiyo stori vizuri. Usalama wa miungu umenunuliwa kwa uongo, na anayelipa ni yule mmoja aliyekuwa anamlisha huyo mnyama. Hakuna ushindi safi pale. Alafu Fenrir hakufa, amefungwa tu, na siku atakapofunguka atakuja na hasira ya kudanganywa. Ndio ujue kwanini kitabu chako cha pili kina uzito ule, manake kila walichokifunga kwenye cha kwanza kinaanza kuvuta kamba. Ukikisoma ukitafuta mbio na vita kama mwanzo utachoka, lakini ukianza kuuliza hapa nani analipa, na analipia kosa la nani, sura zile nzito zitakufungukia.

Kuhusu Loki, hapo kuna picha ya sinema inayokusumbua, na sio wewe peke yako. Watu wengi wamemjua kupitia filamu na vibonzo vya Marekani, ambako amefanywa ndugu wa Thor wa kulelewa. Kwenye maandiko ya zamani siyo hivyo. Baba yake ni jitu, Farbauti, mama yake Laufey, na uhusiano wake na miungu unapitia kwa Odin, walichanganya damu wakawa ndugu wa kiapo. Mambo yake siku zote ni mawili kwa pamoja, anaharibu na anatengeneza. Alimnyoa Sif, mke wa Thor, nywele zote, Thor akataka kumvunja mifupa, ndipo akakimbilia kwa mbilikimo kutafuta nywele za dhahabu, na kwenye heka heka hizo hizo akaweka dau na mbilikimo wengine, na dau hilo ndilo lililozaa nyundo ya Thor yenyewe. Mpini wa nyundo ukatoka mfupi kwa sababu Loki alijigeuza inzi akamng'ata fundi kwenye kope katikati ya kazi. Unacheka, si ndio? Sasa ni Loki huyohuyo aliyesababisha kifo cha Baldr, mungu mwana wa Odin. Mama yake Baldr, Frigg, aliapisha kila kitu duniani kisimdhuru mwanae, moto, chuma, mawe, magonjwa, akaacha kammea kamoja kadogo alichokaona bado ni kachanga mno. Loki akajigeuza mwanamke, akampeleleza hadi akaijua siri hiyo, akakachukua kale kammea akampa Hod, ndugu yake Baldr aliyekuwa kipofu, akamuelekezea mkono arushe. Na sababu inayotolewa ni fupi mno, kwamba hakupendezwa kuona Baldr hadhuriki. Basi, hakuna maelezo zaidi.

Pengo hilo ndilo waandishi wa leo wanaloingia. Mmoja atasema Loki alikuwa na wivu, mwingine atasema alikuwa analipiza watoto wake waliotupwa, mwingine atamfanya kijana anayetaka tu kukubalika. Kwahiyo unaposema simuelewi, inawezekana kabisa mwandishi anataka usimuelewe hadi ufike mbele. Rudi kwenye kitabu cha kwanza utazame utani wake mmoja mmoja, jiulize kila ulipocheka ni nani aliumia. Nakuahidi utakuta mtu.

Rafiki yako naye amekuharibia kidogo, alafu kibaya zaidi hajakwambia ukweli wote. Ni kweli Ragnarok, yaani ile vita ya mwisho ya miungu, inaua wengi. Odin anamezwa na Fenrir, Thor analiua lile joka akatembea hatua 9 akaanguka kwa sumu yake, mungu Heimdall na Loki wanauana, mungu Freyr anauawa na Surt, jitu la moto. Lakini siyo wote. Vidar mwana wa Odin anamlipizia baba yake na anabaki hai, Vali anabaki, wana wa Thor, Modi na Magni, wanabaki na nyundo, Baldr na Hod wanarudi kutoka kwa wafu, yaani muuaji na aliyeuawa wanakaa pamoja tena, na watu wawili, Lif na Lifthrasir, wanajificha kwenye msitu na kuanzisha upya kizazi cha binadamu. Nchi inachipuka kutoka baharini, kijani. Hayo yote yamo kwenye mashairi ya zamani kama Völuspá na kwenye kazi ya Snorri, sio siri ya mwandishi wako.

Tena kwenye hizo hadithi zenyewe mwisho unajulikana tangu mwanzo. Kwenye Völuspá ni mwanamke mwonaji anayemsimulia Odin uso kwa uso mambo yatakavyokuwa. Odin anajua mbwa mwitu atamla. Anajua, na bado kila siku anakusanya mashujaa, anatafuta maarifa, anatoka siku ya vita anaongoza mbele. Utamu wa hadithi hizi haujawahi kuwa kwenye "nini kitatokea", uko kwenye mtu anayejua kitakachomkuta na bado anachagua afanye nini leo. Ukiishika hiyo, hata akija rafiki wa pili na wa tatu kukumwagia mwisho hakuna kitakachoharibika, na mimi binafsi naamini ndio sababu kubwa hizi stori zimedumu wakati waumini wake waliisha zamani.

Je, uanze na hadithi za asili? Hapana, sio sasa. Watu wanadhani kuna kitabu kimoja kamili cha Norse ambacho usipokisoma utakosa kitu, hakipo. Tulichonacho ni vipande. Mkusanyo mkuu wa mashairi umo kwenye kitabu kimoja cha ngozi, Codex Regius, kilichoandikwa mnamo miaka ya 1270, kikaja kujulikana mwaka 1643 kilipofika mikononi mwa askofu mmoja wa Iceland, kikapelekwa Denmark kwa mfalme, kikarudi Iceland mwaka 1971. Kimebaki na karatasi 45 na katikati kuna 8 zimepotea. Hata zile dunia tisa, za miungu, majitu, binadamu na wengine, zinazotajwa kila mahali, maandiko ya zamani hayatoi popote orodha moja kamili ya zote tisa, ndio maana kila mwandishi anapanga ya kwake. Kwahiyo mwandishi wako anapobadilisha kitu usikimbilie kusema amekosea, mara nyingi anajaza mahali palipokuwa wazi tangu zamani. Maliza kwanza kitabu chako, alafu ukitamani, soma hadithi za asili baadaye, na hapo utapata raha ya kugundua "kumbe hiki alikitoa hapa". Ukianza nazo wewe uliyechoka tayari zitakuwa kama kazi ya shule.

Kurudia kitabu cha kwanza chote? Kama una muda na bado unakipenda, ndiyo njia bora kuliko zote, sitakuficha. Ila kwa hali uliyonayo naogopa utakimaliza cha kwanza kwa furaha alafu ukifika cha pili ukakutana na ukuta uleule, tena sasa ukiwa na kumbukumbu mpya ya jinsi cha kwanza kilivyokuwa kinakimbia. Mimi ningekushauri usome sura tatu za mwisho za kitabu cha kwanza peke yake, kwa sababu ndipo madeni yalipoandikwa. Chukua karatasi, andika nani aliapa nini kwa nani, nani alipokea kitu ambacho hakukilipia, na nani aliachwa ameumia na hakuna aliyemuuliza hali. Alafu ingia cha pili na karatasi hiyo. Kusoma muhtasari wa mtu mwingine kunasaidia majina lakini kunakausha hisia, unajua kilichotokea ila hakikuumi tena, na kitabu cha pili kinategemea kikuume.

Majina ni jambo dogo, usilikuze. Usijaribu kuyakariri yote, kila mmoja mpe alama moja tu: huyu wa mkono mmoja, huyu kipofu, huyu wa pembe anayelinda daraja. Yasome kwa sauti mara ya kwanza yanapotokea, hata ukiyakosea matamshi hakuna wa kukukamata. Kama kuna toleo la kusikiliza, sikiliza sura mbili tatu, sikio likishazoea jina jicho nalo linaacha kujikwaa.

Na hiyo simu usiku, ndugu yangu, hapo ndipo nadhani unapoteza nusu ya kitabu. Kitabu cha aina hii kina sura za polepole ambazo zinahitaji mtu akae, sio mtu ambaye jumbe zinaingia juu ya ukurasa huku usingizi unamvuta. Jaribu kukihamishia mchana, hata dakika 20 tu, simu imezimwa intaneti, au kama unaweza kupata nakala ya karatasi basi tumia hiyo. Fanya hivyo angalau wiki moja kabla hujakihukumu.

Lakini pia nikwambie ukweli upande wa pili, inawezekana kabisa kitabu ni kibovu. Vipo vya pili vilivyovutwa virefu kwa sababu tu mkataba ulisema vitatu, hadithi ya kitabu kimoja imekatwa vipande. Utakijuaje? Fika katikati kabisa ya kitabu, alafu tazama karatasi yako. Kama hakuna deni hata moja lililoguswa, hakuna aliyelipa wala aliyeamua kukwepa kulipa, na badala yake yanaongezeka majina mapya na mapenzi ya watu watatu yanazunguka palepale, basi kifunge bila kujilaumu. Kuacha kitabu sio kushindwa. Ila kama kuna hata tukio moja lililokushika, ambapo mtu alitoa kitu chake cha thamani na hakikurudi, endelea, mwandishi anajua anakokupeleka. Kuhusu huyo binti anayelia, angalia jambo moja: je, baada ya kulia anafanya uamuzi? Kilio kinachozaa uamuzi ni kazi nzuri. Kilio kinachorudiwa sura tano kwa maneno yaleyale ni uvivu wa mhariri, hapo nitakuunga mkono kulalamika.

Kuna sehemu moja ya barua yako ambayo sitaki niipite haraka, hiyo ya kusoma ukurasa mmoja mara tatu. Kama inatokea kwa kitabu hiki tu na usiku tu, ni uchovu, nimeshakujibu. Kama inatokea hata mchana, hata kwenye maandishi ya kazi, au unapata maumivu ya kichwa na macho kuwasha, nenda ukapimwe macho, ni jambo la kawaida na mara nyingi linatatulika kirahisi. Na kama ni zaidi ya hapo, yaani vitu vyote ulivyokuwa unavipenda vimeisha ladha kwa wiki kadhaa, muziki, chakula, marafiki, na usingizi umevurugika, usilichukulie kama suala la kitabu. Ongea na daktari au mshauri ana kwa ana. Sisemi ndivyo ulivyo, nakuuliza tu ujichunguze.

Mwisho mdogo wako. Miaka 12 wengi wanazimudu hizi hadithi vizuri tu, watoto wanaelewa haki na kudanganywa kuliko tunavyodhani, na stori ya Fenrir itampa maswali mazuri sana. Ila usimpe kitabu cha pili kabla hajasoma cha kwanza, na usimpe kabla wewe hujakimaliza, manake kitabu cha pili ndipo waandishi wa fantasia za vijana hupenda kuweka kifo cha mhusika anayependwa, mateso, na wakati mwingine mapenzi ya kiutu uzima kidogo, na kiwango chake hutofautiana sana kati ya kitabu na kitabu. Kama huna muda, muone mkutubi au mwalimu wake wa lugha, mwambie mtoto anaogopa nini na anapenda nini, atakuambia kama kinamfaa sasa au asubiri. Na akishaanza cha kwanza, msome sambamba hata kama ni sura moja kwa siku, muulize huyo Loki wake anamuonaje. Anaweza akawa ameshaona kitu ambacho wewe kimekupita.